Boga Hukatwa kwa Mikono Miwili

Katika Marekani na baadhi ya nchi za Ulaya, ufikapo mwisho wa mwezi wa Oktoba, wazazi huketi na watoto wao wakachonga maboga. Hukata kifuniko upande wa kikonyo, hukomba mbegu na nyuzi zilizomo ndani, kisha hutoboa macho, pua na mdomo, na usiku huwasha mshumaa humo. Desturi hiyo ilitoka Ireland, ambako watu walikuwa wakichonga mizizi mikubwa ya bustanini. Wahamiaji wao walipofika Marekani wakalikuta boga, lililo kubwa zaidi na jepesi kukombwa, wakaiacha ile mizizi. Huku kwetu ada hiyo haipo, na makala haya hayakusudii kuileta. Lakini swali ambalo walimu wa watoto wadogo wa huko hujiuliza kila mwaka, yaani mtoto hujifunza nini anapolishughulikia boga kwa mikono yake, ni swali linaloweza kuulizwa Bububu vilevile, na pengine likapata jibu zito zaidi.

Bububu iko kaskazini ya Mji wa Zanzibar, mwisho wa njia ya gari za namba 502. Ni mahali penye historia ya maji na reli: chemchemi zake ndizo Sayyid Barghash alizozivutia mabomba hadi mjini katika karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na gari la moshi lililotoka Ngome Kongwe na kuishia hapo. Ukiipa bahari kisogo ukaelekea Kidichi na Kizimbani unaingia mashambani, penye mikarafuu, minazi, migomba na mihogo, na maboga yanayotambaa chini yake. Boga hilo huja jikoni mwaka mzima, na zaidi katika mwezi wa Ramadhani, linapopikwa kwa tui la nazi kuwa futari. Mama au bibi hulikata, na mtoto huwa karibu, mara nyingi akiambiwa asogee pembeni asije akakatwa.

Hapo pembeni alipoambiwa asogee ndipo tunapotaka kupazungumza.

Mtazame anayekata boga. Mkono mmoja una kisu, na mwingine umeligandamiza boga lisibingirike. Mkono wa kisu ndio unaotazamwa na kusifiwa, lakini mkono unaoshika ndio unaoifanya kazi iwezekane: huligeuza boga kidogo kidogo, hupima nguvu, hujua lini likazwe na lini lilegezwe, na hufanya yote hayo bila ya macho kuuangalia. Kazi nyingi za mwanadamu zimejengwa juu ya mgawano huo. Ndivyo tunavyofunga kifungo cha shati, tunavyomenya chungwa, tunavyotunga uzi katika sindano, na ndivyo mwanafunzi anavyoizuia karatasi kwa kiganja kimoja huku akiandika kwa kingine. Mtoto hazaliwi akiujua mgawano huo. Huupata kwa miaka mingi ya kuchezea vitu vyenye uzito, umbo na ugumu wa namna mbalimbali, na katika vitu hivyo kioo cha simu, ambacho ni bapa na laini popote ukigusapo, kina machache ya kumfundisha.

Mkono wenyewe, kimaumbile, ni kiungo kinachochelewa kukomaa. Una mifupa 27, na kati ya hiyo 8 ni ile midogo ya kwenye kifundo. Mtoto anapozaliwa, hiyo 8 kwa kawaida bado ni gegedu tupu. Huanza kugeuka kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho huchelewa hadi mtoto awe na miaka 8 hadi 12 hivi. Matumizi nayo hukua kwa hatua. Karibu na miezi 4 mtoto hukutanisha mikono yake mbele ya kifua na kuichezea. Kwenye miezi 6 huweza kuhamisha kitu kutoka mkono huu kwenda huu. Kati ya miezi 9 na 12 huokota punje kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Kwenye miaka 3 hunakili duara, kwenye miaka 4 hunakili alama ya msalaba, na karibu na miaka 5 mraba. Tarehe hizi si sheria. Mtoto mmoja hutangulia na mwingine hufuata. Ila mpangilio wake hubadilika kwa nadra, na ndiyo maana humsaidia mtoa huduma kujua amtazame nani kwa makini.

Sasa tuliweke boga katikati ya ukumbi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili hawezi kulikata, lakini anaweza kulibingirisha, kulipiga kofi akasikia mlio wake, na kuliosha katika beseni. Wa miaka 3 anaweza kutia mkono ndani ya nusu iliyokwisha kukatwa akavuta mbegu na zile nyuzi zinazoteleza. Wapo watoto wanaokataa, wakakunja uso na kujifuta mikono. Huyo asilazimishwe, apewe kijiko, na siku nyingine huenda akatia kidole chake mwenyewe. Wa miaka 4 au 5 hukomba kwa kijiko cha chuma au kwa kifuu, na hii ni kazi nzito kuliko inavyoonekana: bega hutulia, kifundo huzunguka, vidole hukaza, na mkono wa pili hushika ukingo wa ganda. Misuli inayofanya kazi hapo ndiyo itakayoishika kalamu skuli. Mwalimu anayelalamika kwamba mwanafunzi wa darasa la kwanza anachoka baada ya mistari miwili asitafute dawa katika kumwandikisha mistari kumi. Pengine mtoto huyo hakupewa cha kukomba.

Kwa wafanyakazi wa afya, jikoni ni mahali pa uchunguzi ambapo hapahitaji kifaa. Katika chumba cha kliniki mtoto huogopa koti jeupe, hujificha kwa mama yake na kukunja mikono yote miwili. Nyumbani, mbele ya mbegu za boga, hufanya awezalo. Basi mama anapoulizwa, asiulizwe tu kama mtoto anakula na kulala. Aulizwe: anapovuta kitu, hutumia mikono yote? Kuna mmoja ambao hukaa umekunjwa ngumi, kidole gumba kikiwa ndani? Anapokabidhiwa kitu upande wa kushoto, hupokea kwa kushoto, au huupitisha mkono wa kulia mbele ya kifua chake kwenda kukifuata?

Swali hili la mwisho lina uzito wake. Wazazi wengi hufurahi wanapoona mtoto wa miezi 8 anatumia mkono wa kulia tu, wakasema amekuja na adabu yake. Lakini mtoto wa umri huo anapaswa kuitumia mikono yote kwa karibu sawasawa. Upendeleo wa mkono mmoja unaojitokeza waziwazi kabla ya kutimiza mwaka si dalili ya ustadi wa mkono ule. Mara nyingi ni dalili ya udhaifu wa mwenziwe. Huenda ukawa ni mtindio wa ubongo ulioshika upande mmoja wa mwili, au jeraha la neva za bega lililotokea wakati wa kuzaliwa. Vivyo hivyo ngumi isiyofunguka baada ya miezi 4, na mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe afikapo miezi 9: hawa hawafai kuambiwa wasubiri, hasa ikiwa walizaliwa kabla ya wakati, walichelewa kulia walipozaliwa, walipata manjano kali, au waliugua uti wa mgongo au malaria ya ubongo. Wapelekwe kwenye huduma za utengamao mapema, hata kabla jina la ugonjwa halijathibitishwa. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, wakikusudia adabu. Kwa ubongo wa mtoto maneno hayo ni kweli hata kwa maana ya mwili, kwani njia zake za fahamu bado zinajipanga, na kila mwezi unaopita hupunguza wepesi huo.

Kuna hali moja ambayo haisubiri hata kesho yake. Mtoto aliyekuwa akitumia mikono yote vizuri, kisha ghafla mmoja ukalegea au kijiko kikamdondoka, apelekwe hospitali saa ileile. Katika nchi yetu, ambayo ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, huenda hicho kikawa kiharusi, hata kama maumivu hayapo na mtoto anacheka.

Aliye na mkono wa kushoto kwa asili, ambaye upendeleo wake hujidhihirisha taratibu kati ya miaka 2 na 5 na mkono wake wa kulia ni mzima, hana ugonjwa wowote. Adabu ya kula kwa mkono wa kulia ni jambo la dini na mila yetu, na mtoto huyo hujifunza bila ya tabu. Kalamu, mkasi na kisu ni mambo mengine. Kumpiga mtoto kwa kuandika kwa kushoto hakuubadilishi ubongo wake. Humwongezea hofu tu. Akipewa boga akombe, atachagua mwenyewe mkono wa kufanya na mkono wa kushika, na mzazi ataona bila ya kuuliza.

Kwa mtoto ambaye upande mmoja umeshadhoofika, boga lina kazi nyingine. Katika tiba ya watoto wenye udhaifu wa upande mmoja, njia mbili zimethibitika kuwa na manufaa: kuuzuia kwa muda mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, na kumpa mtoto kazi zisizowezekana ila kwa mikono miwili, kwa kuzirudia sana. Njia ya pili haihitaji chumba maalumu. Mkono dhaifu usilazimishwe kuwa mkono wa kisu. Upewe cheo cha kushika, kwa kufungua kiganja na kukilaza juu ya ganda huku ule mzima ukikomba. Mtaalamu wa tiba ataonyesha namna ya kumkalisha mtoto, miguu ikiwa imekanyaga chini na boga likiwa juu ya kitambaa kibichi lisiteleze, kisha zoezi huendelea nyumbani. Jambo linalofurahisha ni kwamba zoezi hili huishia katika sufuria. Mtoto aliyezoea kuonewa huruma huketi kwenye jamvi la futari akila alichokikomba yeye.

Kuchonga kama sanaa nako si kigeni kwa watoto wa Unguja. Kabla ya vitu vya plastiki, na hata leo mashambani, kitu cha kwanza kuchongwa na mtoto ni tunda la mnazi kwa kila hatua yake. Vidaka vilivyopukutika hutungwa kwa chelewa vikawa magurudumu. Kifuu husuguliwa kikawa chungu cha kujipikilisha. Kipande cha ubao mwepesi huwa kidau chenye tanga la kitambaa. Aliyewatazama watoto wakisukuma vidau vyao majini maji yakiwa yamejaa ameona darasa la upepo na mizani ambalo hakuna aliyeliandikia mtaala. Watu wazima nao waliacha mifano karibu kabisa. Juu ya kilima, katika hamamu ya Kidichi, iliyojengwa katika karne ya 19 kwa ajili ya Shahrzad, mke wa Sayyid Said, kuta zimenakshiwa kwa chokaa maua na ndege kwa namna ya Kiajemi. Mtoto wa skuli ya Bububu anaweza kupelekwa huko kwa miguu au kwa gari, akapitisha macho juu ya nakshi hizo, kisha akapewa nusu ya ganda la boga na msumari butu akwangue ua la kwake.

Na kuna kisa cha Sayyida Salme, aliyezaliwa katika kasri ya Mtoni, si mbali na hapa, mwaka 1844, na ambaye baadaye aliishi kwa muda Bububu. Wasichana wa zama zake walifundishwa kusoma, hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega wa ngamia, na kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 zinatokana na mkono uliojizoeza hivyo. Mwanzoni hakuwa na daftari wala mwalimu. Alikuwa na kitu kigumu cha kushika kwa mkono mmoja na kuandikia kwa mwingine.

Walimu wa watoto wadogo wa pwani yetu wamelijua hili kwa muda mrefu. Mpango wa skuli za awali za madrasa, ulioanza Mombasa mwaka 1986 ukafika Zanzibar mwaka 1990, ulijengwa juu ya zana zinazotengenezwa kwa vitu vya mahali penyewe: vifuu, mbegu, makuti, kokoto. Mbegu za boga hufaa hapo. Mtoto akadirie kwanza zimo ngapi, kisha azioshe, azianike, azipange kumi kumi. Makadirio ya mwanzo huwa ya kuchekesha, na kule kushangaa kwamba ni nyingi kuliko alivyodhani ndiko kunakomkaza namba kichwani.

Tumefika kwenye kisu. Mtoto akililia wembe mpe, husema methali, ili ukimkata ajue. Daktari anayeshona mikono hawezi kuikubali kwa maana yake ya wazi. Kila mwaka kabla ya msimu wao, madaktari wa upasuaji wa mkono wa Marekani huonya kuhusu maboga, na sababu yake ni ya kimakanika: ganda ni gumu na nyama yake ni laini, basi kisu hukwama, mtu huongeza nguvu, kisha kinapopenya hupita kwa kasi na kwenda kuukuta mkono ulioshika. Ushauri wao ni kwamba watoto wadogo wachore na wakombe, na kukata kuachwe kwa mtu mzima. Nasi tunaona hivyo hivyo. Boga zima likatwe na mkubwa, juu ya ubao usiotikisika, mkono wa kushika usiwe mbele ya makali. Mtoto wa skuli mwenye utulivu aanze na vipande vilivyokwisha kupikwa au matunda laini, kwa kisu kifupi, akiwa ameketi, na mkubwa akiwa kando yake muda wote, si chumba cha pili.

Akikatika, jeraha lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, ligandamizwe kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila ya kufunuafunua, na mkono uinuliwe juu. Mafuta ya taa, majivu, unga wa kahawa na dawa ya meno visitiwe. Na hapa tuseme na wenzetu wa vituo vya afya: jeraha la kisu kwenye kiganja au upande wa ndani wa kidole linaweza kuwa na urefu wa nusu sentimita na chini yake kano imekatika. Kabla ya kushona, tazama mkono ulivyolala. Vidole vya mkono uliotulia hujikunja kidogo, na kimoja kikiwa kimenyooka peke yake, ipo sababu. Mtake mtoto akunje kila kiungo cha kidole, na uulize kama ncha ina ganzi. Asiyeweza kujieleza kwa udogo wake, au unayemshuku, apewe rufaa mapema. Kano iliyoshonwa ndani ya siku chache hurudi vizuri zaidi kuliko iliyogunduliwa baada ya miezi. Angalia pia kadi ya chanjo, kwani kinga ya pepopunda huanza kwa dozi za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na wapo wasiozikamilisha.

Nyama ya boga ina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwa kuwa hufyonzwa pamoja na mafuta, wazee waliolipika kwa tui walikuwa na hoja hata kama hawakuitaja hivyo. Tui halibadili ratiba ya matone ya vitamini A, ambayo mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa kila baada ya miezi 6. Mbegu zilizokaangwa ni chakula kizuri kwa wakubwa, lakini mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe nzima, wala asiachwe peke yake na zile alizokuwa akizihesabu. Akipaliwa na akashindwa kulia au kukohoa, apigwe mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja, kichwa kikiwa kimeinama. Kikigoma, aliyezidi mwaka mmoja abanwe tumbo juu ya kitovu kwa kusukuma ndani na juu mara 5, na mchanga wa chini ya mwaka abanwe kifua kwa vidole viwili mara 5, zamu kwa zamu hadi kitoke, huku mwingine akitafuta usafiri.

Mbegu chache zisikaangwe. Zikipandwa nyuma ya nyumba, pale yanapomwagika maji ya kuoshea mchele, huota ndani ya wiki moja hadi mbili, na kabla ya miezi mitatu kupita mtoto ataona maua ya aina mbili juu ya mtambaa mmoja. Moja limesimama juu ya kikonyo chembamba. Hilo ni dume, litanyauka na kuanguka, na mtoto atalalamika kwamba boga lake limekufa. Aonyeshwe lile jingine, ambalo hata kabla halijafunguka lina chini yake kiboga kidogo cha kijani, na aambiwe akawatazame nyuki asubuhi na mapema, kwani likishapanda jua maua hayo hufungika.